Maumivu ya mtoto hayaonekani, lakini hupimika

WAHENGA walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwenye maumivu ndiye anayejua yanavyomtafuna. Sisi tulio kando hukisia tu.

Mtu mzima akiumwa huweza kujieleza, kubishana na daktari, hata kuhama hospitali. Mtoto hana uwezo huo. Akilia sana huambiwa anadeka. Akinyamaza huambiwa amepona. Akisema leo mguu unauma na kesho mkono, huitwa mwongo anayekwepa shule.

Juma hili tutajifunza jinsi maumivu ya watoto na vijana yanavyopimwa, hasa wale ambao maumivu yao hayaishi. Somo hili si la madaktari na wauguzi pekee. Sehemu kubwa ya kipimo hufanyika nyumbani, na mpimaji anayefaa zaidi ni mzazi mwenye daftari na subira.

Maumivu sugu ni yapi?

Maumivu ya kawaida ni mlinzi. Mtoto akikanyaga msumari au kugusa sufuria ya moto, maumivu humwonya aondoe mguu au mkono upesi. Kidonda kikipona, mlinzi naye hupumzika.

Maumivu sugu ni yale yanayodumu, au kurudi-rudi, kwa zaidi ya miezi 3. Huweza kuwa ya kichwa, tumbo, mgongo au viungo. Hapa Kakamega na magharibi mwa Kenya kwa jumla, chanzo kimoja ambacho hatuwezi kukipuuza ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli.

Ugonjwa huu hurithiwa. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na mviringo, hujikunja mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Sehemu inayokosa damu huuma, na huuma vibaya.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyezieleza chembe hizo katika jarida la udaktari mwaka 1910. Mnamo 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imekita mizizi penye malaria nyingi, yaani ukanda wa Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani.

Wazazi wawili wanaoibeba bila wao wenyewe kuugua, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Mara nyingi dalili ya kwanza hutokea kabla mtoto hajajua kusema: vidole au nyayo huvimba, naye hulia kila anaposhikwa. Wako watoto wanaotibiwa malaria mara kadhaa kabla ya yeyote kuagiza damu yao ipimwe selimundu.

Kwa nini akiguswa kidogo hulia?

Wazazi wengi huuliza swali hili: "Daktari, nimemgusa tu, mbona anapiga mayowe?"

Jibu limo katika mishipa ya fahamu. Mlinzi aliyevamiwa mara nyingi huanza kupuliza firimbi hata paka akipita. Vivyo hivyo, maumivu yakipita njia ileile kila wiki, mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo hubadilika. Kiwango ambacho mguso, joto au baridi hugeuka kuwa maumivu hushuka. Kiwango hicho tunakiita kizingiti cha maumivu. Mtoto ambaye kizingiti chake kimeshuka huumia kwa kitu ambacho mwenzake hata hakihisi.

Jambo hili si dhana tupu. Katika vituo vya utafiti, mtaalamu huweka kifaa kidogo juu ya ngozi ya mkono na kuongeza joto au baridi polepole. Mtoto hushika kitufe na kukibonyeza papo hapo anapoanza kuumia. Nyuzi zinazosomwa wakati huo ndizo kizingiti chake. Wengine hugusa ngozi kwa nyuzi nyembamba za unene tofauti, mbinu iliyoanzishwa na Max von Frey mwishoni mwa karne ya 19. Kipo pia kifaa cha kubonyeza msuli ambacho huonyesha nguvu iliyotumika.

Mtoto hulinganishwa na watoto wa umri wake, si na mtu mzima. Watafiti wa Ujerumani waliopima watoto wazima wa miaka 6 hadi 16 na kuchapisha matokeo mwaka 2010 walionyesha kwamba umri hubadilisha jinsi mwili unavyohisi maumivu.

Mwaka 2013 watafiti wa Milwaukee, Marekani, walichapisha vipimo vya wagonjwa wa selimundu wa kuanzia miaka 7, wakiwalinganisha na watu wasio na ugonjwa huo. Kwa wasio wagonjwa, baridi iligeuka maumivu ilipofika karibu nyuzi 15 za selisiasi. Kwa wagonjwa ilitosha nyuzi 21. Upande wa joto, wasio wagonjwa walivumilia hadi nyuzi 45 hivi, ilhali wagonjwa waliumia karibu na nyuzi 43.

Msomaji, hebu tafakari maana yake hapa kwetu. Mji wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri tunaijua sote. Mwanafunzi wa selimundu anayelazimishwa kuoga maji baridi alfajiri katika shule ya bweni, au anayenyeshewa akitoka shule, hapati usumbufu mdogo kama wenzake. Ngozi yake huisoma baridi ile kama maumivu, na baridi hiyohiyo huweza kuanzisha shambulio la maumivu makali.

Hata hivyo, kipimo cha kizingiti kina mipaka. Hakituambii mtoto anaumwa kiasi gani saa hii. Wala hakiwezi kutumiwa kumnasa mwongo, kwa kuwa hata watu wazima wa afya njema hutofautiana sana. Faida yake kwetu ni kututhibitishia kwamba mwili wa mtoto mwenye maumivu sugu huweza kubadilika kweli. Ili kujua anaumwa kiasi gani leo, hakuna mashine inayoshinda neno lake mwenyewe.

Taaluma ya udaktari yenyewe ilichelewa kulikubali hilo. Hadi miaka ya 1980, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu, kwa imani kwamba hawahisi kama wakubwa. Mwaka 1987 Daktari K. J. S. Anand na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kamili wakati wa upasuaji walipona kwa matatizo machache kuliko wasiopewa. Desturi ilianza kubadilika baada ya kupimwa.

Kipimo gani kwa umri gani?

Asiyejua kusema, hadi miaka 3 hivi: Hapa tunatazama mwili. Kipimo kilichoandaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1997 hutazama mambo 5, kila moja likipewa alama 0, 1 au 2.

1. Uso: umetulia (0), anaukunja mara mojamoja (1), taya imekazwa na kidevu kinatetemeka (2).
2. Miguu: imelegea (0), haitulii (1), anarusha mateke au ameikunja (2).
3. Mwili: ametulia (0), anajinyonganyonga (1), amejipinda au amekakamaa (2).
4. Kilio: halii (0), analalama (1), analia mfululizo (2).
5. Kubembelezeka: hana shida (0), hutulia akikumbatiwa (1), habembelezeki (2).

Jumla ya 1 hadi 3 ni maumivu madogo, 4 hadi 6 ni ya kadiri, 7 hadi 10 ni makali. Lakini tahadhari: mtoto aliyeumwa kwa muda mrefu huacha kulia. Hulala kimya, hataki kucheza, huangalia ukuta. Kimya cha namna hiyo kisikudanganye ukadhani amepona.

Miaka 3 hadi 4: Chukua vifuniko 4 vya soda. Mwambie, "Hivi ni vipande vya maumivu. Kimoja ni kidogo, vyote vinne ni maumivu makubwa kabisa. Wewe una vingapi?" Mbinu hii ilianza huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa vibao vya kuchezea karata, lakini vifuniko hufanya kazi sawa. Kwanza hakikisha anajua kutofautisha vichache na vingi.

Miaka 4 hadi 8 na zaidi: Tumia nyuso 6 zilizochorwa kwa safu, kutoka isiyo na maumivu hadi yenye maumivu makali kabisa, zikipewa alama 0, 2, 4, 6, 8 na 10. Nyuso hizo zilibuniwa Australia mwaka 1990 zikiwa 7, zikarekebishwa kuwa 6 mwaka 2001. Zinazofaa zaidi ni zile zisizo na tabasamu upande mmoja wala machozi upande mwingine. Mtoto huweza kuumwa sana bila kutoa chozi, na mvulana anayeona aibu kulia hataichagua sura inayolia hata akizidiwa.

Kuanzia miaka 8: Muulize kwa namba. "Ikiwa 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali kupita yote, uko kwenye ngapi?" Vidole 10 vya mikono hutosha, karatasi haihitajiki.

Vijana: Namba pekee haitoshi. Muulize pia kuhusu usingizi, shule, marafiki na moyo wake. Mpe nafasi ya kuzungumza na daktari au muuguzi bila mzazi kuwapo, maana wengi huficha maumivu ili wasiongeze gharama nyumbani.

Sikiliza neno analotumia

Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya maumivu, na kila neno humsaidia daktari. Mfupa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo hunyonga au kukata. Maumivu yanayochoma kama pilipili, yanayopita kama umeme, au yanayoandamana na ganzi na kudungwadungwa kama sindano, huashiria kwamba mishipa ya fahamu yenyewe imeathirika. Dawa za maumivu hayo huwa tofauti.

Kwa hiyo usimsahihishe mtoto. Akizoea Kiluhya nyumbani, mwache aseme kwa Kiluhya, kisha mfasirie daktari neno lenyewe bila kulipunguza wala kulitia chumvi.

Ukakamavu na ukimya

Katika jamii nyingi za magharibi, mwezi wa Agosti katika miaka ya tohara mvulana hufunzwa kukabili kisu bila kupepesa macho. Ni heshima kwake na kwa ukoo, na makala haya hayaipingi mila hiyo.

Shida huanza pale somo la siku moja linapogeuzwa sheria ya maisha. Mvulana wa selimundu wa miaka 13 anayeamini kwamba mwanamume halalamiki hungoja hadi mkono wa pili au kifua kianze kuuma. Mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie waziwazi kwamba kutaja namba yake ya maumivu si kulia, bali ni kutoa taarifa, kama mchezaji anavyomwambia kocha wake goti limeteguka.

Daftari la maumivu

Nunua daftari dogo. Andika mambo haya: siku na saa, mahali panapouma, neno la mtoto, namba, kilichofanywa, namba baada ya saa moja, na kama alilala, alikula, alicheza au alikwenda shule. Mfano:

Jumatatu, saa 1 asubuhi. Mguu wa kushoto, unawanga, 6. Parasetamoli na maji vikombe 2. Saa 2: 4. Hakwenda shule.

Jumanne, saa 1 asubuhi. Mguu uleule, 4. Alinyeshewa jana alasiri. Parasetamoli. Saa 2: 2. Alikwenda shule.

Mistari hiyo michache humweleza daktari mengi: dawa inasaidia, na huenda mvua ina mkono wake. Namba ikishuka kwa alama 2, au uso mmoja, hayo ni mabadiliko ya kweli. Isiposhuka, tiba ibadilishwe, si mtoto alaumiwe.

Usimuulize kutwa kucha. Mtoto anayeulizwa kila dakika "bado inauma?" hubaki akiyawaza maumivu tu. Pima asubuhi na jioni, na wakati wa shambulio, kisha mwache acheze. Usilinganishe namba yake na ya mtoto mwingine. Mlinganishe na yeye mwenyewe jana na juzi. Na kamwe usimwadhibu kwa namba aliyotaja, la sivyo kesho atakutajia unayotaka kusikia.

Kipimo huleta tiba gani?

Parasetamoli hupewa kwa uzito wa mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kuizidisha huharibu ini. Ibuprofeni itolewe kwa ushauri wa daktari, baada ya chakula, na si kwa mtoto aliyeishiwa maji au mwenye shida ya figo. Aspirini na dawa za dukani zilizochanganywa nayo zisipewe watoto. Kodeini isipewe mtoto wa chini ya miaka 12.

Maumivu ya 7 na zaidi yasiyoshuka ni ya hospitali, na huko mofini ni dawa halali. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2010 kuhusu watoto nchini Kenya ilisema ni hospitali 7 tu za umma zilizokuwa na mofini ya kunywa wakati huo. Hofu ya kwamba mtoto atakuwa mraibu ilichangia uhaba huo. Ikitolewa na wahudumu waliofunzwa, kwa kipimo na kwa uangalizi, mofini huokoa mtoto na mateso yasiyo ya lazima.

Kuna pia dawa ya kupunguza mashambulio yenyewe, haidroksiyurea. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda uliwatibu watoto 606 wa selimundu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hivi hadi 45 hivi kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Malaria na vifo pia vilipungua. Hatungeyajua hayo kama hapakuwa na mtu aliyehesabu na kuandika kila shambulio. Muulize daktari kama mtoto wako anafaa kuianza. Dawa hii huhitaji damu kupimwa mara kwa mara.

Kwa maumivu sugu ya kila namna, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unahimiza mazoezi ya mwili na msaada wa kisaikolojia pamoja na dawa. Lengo si kufikia 0 kila siku, bali mtoto arudi shuleni, alale na acheze.

Mkimbize hospitali ukiona

1. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi.
2. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida.
3. Udhaifu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, au maumivu makali ya kichwa.
4. Kupauka ghafla, au uvimbe upande wa kushoto wa tumbo.
5. Uume kusimama kwa saa 2 au zaidi.
6. Maumivu ya 7 na zaidi yasiyopungua kwa dawa ya nyumbani.

Kwa walimu

Mwalimu na matroni wana kazi katika somo hili. Mwanafunzi mwenye selimundu aruhusiwe chupa ya maji darasani, maji ya vuguvugu ya kuoga na sweta siku za baridi, na asisimamishwe kwenye mvua au jua kali kama adhabu. Akisema anaumwa, aulizwe namba, iandikwe, na mzazi aarifiwe siku hiyohiyo.

Ewe mzazi, anza leo jioni. Daftari na kalamu vinatosha kuanzia. Siku ya kliniki, kabla daktari hajaandika lolote, mwekee daftari hilo mezani na umwombe alisome.